Mialiko ya ndoa kwa mashine ya mushahara

Bandugu, mucheke tu, haya ya ile siku haijaisha hata leo, bibi yangu angali ananiita "Monsieur la Machine" mbele ya bageni.

Nilikuwa karani ku biro ya kampani moja ya mukuba, ile shaba, hapa Élisabethville, ku mashine kubwa ya mushahara, ile ya kula kadi za matundu na kutapika majina na hesabu, kelele yake ungesema treni inapita ndani ya nyumba. Na mi nilijiona évolué kabisa, mustaarabu kama Muzungu, tai ku shingo, miwani ku pua (macho yangu ilikuwa mazima!). Basi ndoa ikakaribia, na benzangu bote banachapishaka mialiko ku mission ya bapadri, ila mi nikasema: yangu itatoka ku mashine.

Célestin, mwenzangu wa biro, akaniambia: "Ndugu, ile iko ya hesabu. Ya maneno iko ile ndogo ya dactylo, ya kupiga herufi kwa vidole."

Nikamujibu: "Inalipa kampani nzima, itashindwa na ndoa moja?"

Chef alipotoka kula nikatoboa maneno yangu ku kadi, nikaiwasha, na kwa kuogopa asinikute nikatia makaratasi ku bahasha bila kusoma, nikatuma ku kamp nzima ya batumikaji. Kumbe mashine iliachia kila neno herufi tano tu, kwa sababu mutumikaji anajulikana kwa numero, jina lake nani analisoma! Joséphine, muchumba wangu, akawa JOSEP. Papa bukwe, baba yake Joséphine, muzee Nyamabo, muntu wa heshima sana, akawa NYAMA. Na KARIBUNI ikawa KARIB.

KARIB NYAMA! Siku ya ndoa bamama ba kamp nzima balikuwa ku mulango wa kanisa na masahani. Padri ananishika mukono, sauti chini: "Mwanangu, huyu Josep iko nani?" Na papa bukwe amekaa inje na koti yake mupya, anakataa kuingia:

"Mi iko nyama? Basi banichinje!"

Nilipiga magoti ku vumbi na suruali nyeupe, nikaita jina lake zima, Nyamabo, Nyamabo, kwa sauti, mbele ya masahani yote, mpaka Joséphine mwenyewe akatoka na shela yake akacheka, na muzee akashindwa, akacheka naye, akasimama. Tuliowana. Bamama balikula mpaka bukari, ugali wote wa bakwe yangu, ikaisha.

Tangu hapo, mashine yoyote, hata ikuwe kubwa namna gani, sitaigusa kabla ya kuuliza: we, balikutengeneza kwa kazi gani?