Mzee Jasho Alipozima Feni

Kabla ya kusikiliza maneno ya wimbo wa mtu, Mzee Jasho alizima feni. Tabia hiyo hakuiacha maisha yake yote ya studio. Aliinuka kwenye kiti chake chenye mto uliopasuka, akabonyeza swichi ukutani, akangoja mapanga matatu yamalize kuzunguka, kisha akakaa akimpa mgongo mwenye wimbo na kuutazama ukuta uliobandikwa trei za mayai za kuzuia mwangwi.

"Haya," alisema. "Soma."

Chumba hakikuwa na dirisha. Baada ya dakika mbili shati lilikuwa limeshagandana na mgongo, na jina la Mzee Jasho likapatikana hivyo. Waimbaji walikuwa na maelezo yao. Wengine walisema ni mchoyo wa umeme. Wengine walisema hapendi karatasi zipeperuke. Mmoja, aliyewahi kuja na wimbo wa beti kumi na moja, aliapa kwamba yale ni mateso ya makusudi ili watu wajifunze kuandika kwa ufupi. "Wimbo wako ukiwa mrefu, nenda na taulo," walitaniana mlangoni. Mwenyewe hakueleza, na hakuna aliyemuuliza.

Zamani alikuwa fundi redio. Miaka ishirini alikaa katika chumba hichohicho, amezungukwa na redio zilizofunguliwa matumbo, akitafuta kinachokwaruza. Redio zilipopungua akanunua kipaza sauti, kompyuta iliyotumika na gitaa, akawa mtayarishaji wa nyimbo. Mkewe alikwisha kufariki, na binti yake wa pekee alikuwa ameolewa mbali. Sifa hakuwa mwepesi wa kuzitoa. Mstari ukimkwaza, alisema, "Rudia huo." Ukirudiwa mara tatu, ulikuwa umekufa, na kilichobaki ni kuuzika. Wimbo ukimridhisha, hakusema vizuri wala hongera. Alisema, "Washa feni," na watu wazima, baba wa watoto wao, walikimbilia swichi wakicheka.

Mwanamke aliyemjua kuliko wengi alikuwa mtunzi waliyemwita Karani. Alifanya kazi katika duka la kuchapa na kutoa fotokopi, ng'ambo ya barabara. Siku ya kwanza alileta wimbo uliochapwa kwa nafasi mbilimbili, kichwa chake kimepigiwa mstari na namba ya ukurasa iko chini.

"Huu ni wimbo," Mzee Jasho aliuliza, "au barua ya kuomba likizo?"

Jina likamganda. Kwa miaka tisa Karani alitunga, wengine wakaimba, na kila wimbo ulipita kwenye joto lile. Alikuwa ameukubali mgongo wa mzee kama mtu anavyoukubali mlima ulio mbele ya nyumba yake.

Mpaka alipoandika wimbo wa dada yake.

Ilikuwa miaka sita hawajasemeshana. Mama yao alipougua, Karani ndiye aliyemlisha, akamwogesha, akambeba mpaka chooni. Dada mkubwa alikuwa kazini mji mwingine, na aliwahi mazishi tu. Siku hiyo, mbele ya wajomba na mashangazi, alisema kwamba mama hakuangaliwa ipasavyo. Alisema mara moja. Karani alilisikia neno lile kila alipofua shuka kwa miaka sita. Sasa alikuwa amesikia kwamba dada amehamia mjini humu, upande wa pili wa daraja. Mara nne alibonyeza namba yake, mara nne akakata kabla haijaita. Akaona afadhali wimbo uende badala yake. Kuna kipindi cha redio cha Jumamosi asubuhi ambacho dada alikisikiliza tangu usichana huku akipiga pasi, na Karani alijua kwamba mtu anaweza kuwaacha ndugu, lakini pasi na redio haachi.

Akaenda kwa Mzee Jasho. Feni ikazimwa. Akasoma ubeti wa kwanza, wa pili, akafika wa tatu:

*Yote nimekusamehe, nimefuta na ubaya,*
*Mlango wangu u wazi, rudi usione haya.*

"Rudia huo," mgongo ulisema.

Akarudia.

"Rudia tena."

"Mzee, una nini na huu mstari? Vina vimekaa, mizani imekaa."

"Vimekaa sana. Rudia."

Akausoma mara ya tatu, ameuma meno.

"Hapa hakuna aliyesamehewa," Mzee Jasho alisema.

Damu ikampanda Karani kichwani. "Wewe unajuaje? Ulikuwepo mama anaumwa? Ulifua wewe zile shuka?"

"Sikuwepo."

"Basi niachie wimbo wangu. Toka uzaliwe hujaandika wimbo hata mmoja. Unachojua ni kubonyeza vitufe na kuwatoa watu jasho!"

Mzee aligeuka, jambo ambalo hakulifanya kamwe katikati ya kazi. Uso wake haukuwa na hasira.

"Kweli," alisema. "Hata mmoja."

Karani alikusanya karatasi zake na kutoka bila kuaga. Feni alikuwa ameiacha imezimwa.

Studio nyingine aliyokwenda ilikuwa na kiyoyozi na sofa jekundu. Mtayarishaji wake alivaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Aliipokea karatasi, akaiweka juu ya spika, akaendelea na simu yake.

"Hutaki nikusomee?" Karani aliuliza.

"Ya nini, dada? Naona kabisa ni moto. Usiguse hata nukta."

Karani alifurahi. Miaka tisa ya kuambiwa rudia, hatimaye mtu anamwambia usiguse. Waswahili walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini aliye na kiu haulizi maji yametoka wapi. Mwimbaji wa kukodi mwenye sauti ya asali alimaliza kazi kwa saa mbili, na Jumatano wimbo ulikuwa mezani kwa mtangazaji wa kile kipindi, tayari kwa Jumamosi.

Alhamisi jioni Karani aliosha vyombo, akauweka wimbo kwenye simu ausikilize. Feni ya sebuleni ilikuwa inazunguka. Hata yeye hakujua kwa nini aliizima. Mkono ulikwenda wenyewe. Akarudi jikoni, akasimama na kitambaa cha vyombo mkononi, na katika ukimya ule akausikia ubeti wa tatu kama dada yake atakavyousikia, pasi ikiwa hewani.

Yule mwimbaji aliimba *nimekusamehe* kwa utamu, na ndani ya utamu ule Karani alimwona hakimu anayesoma hukumu huku akijisifia huruma. Mji mzima ungejua kwamba dada alikosa na mdogo wake ni mwema. Dada hangerudi baada ya hapo. Hata Karani, angekuwa yeye, asingerudi. Akakaa juu ya ndoo.

Ijumaa, saa ya chakula cha mchana, alikuwa redioni.

"Dada Karani! Umekuja kuniharakisha? Wimbo uko kwenye orodha."

"Nimekuja kuuchukua."

Mtangazaji alicheka. "Watu wananililia niwapigie nyimbo zao, wewe unachukua wako? Una homa?"

"Umeusikiliza?"

"Bado."

"Alhamdulillahi. Niwekee nafasi yangu, nakuletea mwingine."

"Kesho saa tatu asubuhi uwe mkononi mwangu. Ukichelewa napiga tangazo la sabuni."

Kutoka redioni hadi kwa Mzee Jasho ni mwendo wa dakika ishirini. Karani alitumia karibu saa nzima. Alisimama dirishani kwa fundi saa kutazama saa asizozihitaji. Alipanga maneno ya kuomba radhi, akayapangua. Mzee akimfukuza, itakuwa haki yake. Alipousukuma mlango, Mzee Jasho alikuwa anajaribu nyuzi za gitaa. Alimtazama, akaliweka gitaa chini, akainuka na kuzima feni.

Karani alisimama palepale mlangoni. "Mzee, yale maneno niliyokwambia siku ile..."

"Yalikuwa na vina," mzee alisema. "Mizani ilipelea kidogo. Kaa."

Akakaa. Safari hii mzee hakugeukia ukuta.

"Uliniuliza najuaje. Sijui. Nasikia. Redio mbovu haikwambii ugonjwa wake, inakwaruza tu mahali fulani. Na mtu akifika kwenye mstari asiouamini, sauti yake hushuka. Kidogo sana, kama mtu anayepita karibu na mbwa aliyelala. Feni hufunika hilo. Ndiyo maana nazima."

"Na sisi tulisema unabana umeme."

"Hata umeme nabana. Sasa niambie. Umemsamehe dada yako?"

Karani alitazama mikono yake. Ilikuwa na wino wa mashine ya fotokopi, usiotoka kwa sabuni yoyote.

"Sijui. Siku nyingine naona nimesamehe. Nikifua shuka, naona bado."

"Sauti haikushuka," mzee alisema. "Endelea. Nyumbani kwako kuna kitu chake?"

"Hakuna. Labda kikombe. Cha bati, alikuwa akinywea chai alipokuwa anakuja kwa mama."

"Wageni wanakitumia?"

"Hapana! Nani akitumie? Ni cha kwake."

"Na kiko wapi?"

"Palepale. Rafu ya juu, upande wa kushoto." Kwa miaka sita alikuwa amekifuta vumbi kikombe kile bila kujiuliza anamfutia nani.

Mzee Jasho alimsogezea penseli. Jasho lilimtiririka Karani mpaka kidevuni, likadondokea karatasi, akaandika pembeni ya doa:

*Sijajua kusamehe, najifunza polepole,*
*Kikombe chako cha bati, bado kipo palepale.*

Akasoma kwa sauti. Mzee alikuwa ameshaugeukia ukuta. Hakusema rudia. Alikaa kimya muda ambao Karani aliuona mrefu kuliko beti kumi na moja.

"Washa feni."

Karani aliirukia swichi kama msichana. Upepo ulipompiga usoni alijikuta anacheka na kufuta macho kwa wakati mmoja.

"Mwimbaji yuko wapi?" mzee aliuliza, akilitwaa gitaa.

"Niliyemkodi amesafiri. Harusi ya shemeji yake."

"Imba mwenyewe."

"Mimi? Kwa sauti hii ya mlango usiotiwa mafuta?"

"Dada yako anaijua sauti hiyo. Asali ya watu wengine ya nini?"

Wakarekodi. Gitaa moja, sauti moja, na kikohozi kidogo kabla ya ubeti wa pili ambacho mzee alikataa kukifuta.

Jumamosi Karani alikuwa dukani. Redio ya jirani ilipoanza kupiga wimbo, alikuwa anatoa nakala za vyeti vya mteja, akatoa ishirini badala ya mbili. Wimbo ukaisha. Likaja tangazo la sabuni. Zikapita dakika kumi, kumi na tano. Simu ikaita.

"Hicho kikombe," sauti ilisema bila salamu, "hakijabanduka rangi?"

Karani alishika ukingo wa mashine. "Kimebanduka mdomoni. Ulikibandua mwenyewe, ulipokigonga kwenye bomba."

"Nilikigonga mimi? Ulikuwa wewe!"

"Ulikuwa wewe, dada."

Ikafuata pumzi ndefu kutoka ng'ambo ya daraja. "Haya. Nitafika saa kumi. Usinitilie sukari nyingi, siku hizi daktari amenikataza. Na nguo nimeiunguza kwa ajili yako."

Karani aliketi juu ya katoni ya karatasi, mabega yakashuka kana kwamba mtu amemtua mtungi aliousahau kichwani. Mteja alingoja, halafu akauliza kwa upole kama anaweza kupewa angalau nakala zake mbili. Siku hiyo dada hakuomba radhi, na Karani hakusamehe. Walikunywa chai. Hayo mengine yalikuja baadaye, kidogo kidogo, bila kutangazwa redioni.

Miaka miwili baadaye magoti ya Mzee Jasho yaligoma, na binti yake akaja kumchukua akaishi naye. Siku ya kuondoka vyombo vilikuwa kwenye maboksi. Kilichobaki kilikuwa kile kiti, trei za mayai na feni. Karani alikuwa amemwandikia wimbo wa kumuaga, beti tatu, umechapwa kwa nafasi mbilimbili. Mzee aliinuka kwa kushikilia ukuta, akazima feni, akangoja mapanga yasimame, akampa mgongo.

Ubeti wa kwanza ulipita. Ubeti wa pili ulimsifu mzee kwa hekima iliyoangaza kama jua, na Karani aliisikia mwenyewe sauti yake ikishuka. Wa tatu ulizungumzia mto wa kiti uliopasuka, na sauti haikushuka.

Nje binti alikuwa anaita kwamba gari limefika. Hawakuonana tena baada ya hapo, lakini wakati ule Karani hakulijua hilo. Alisimama tu na karatasi yake, jasho likimtoka, akiutazama ule mgongo na kungoja.

"Kata ubeti wa pili, mwanangu," Mzee Jasho alisema, "halafu washa feni."