Samaki wa Clementina Hapashwi Moto

Saa moja kasoro asubuhi, Clementina Mkenda ameinama juu ya sinki, nyuma ya duka la vyakula vya Kiingereza huko Scarborough, Kanada, anabishana na samaki. Samaki mwenyewe alikufa mwezi uliopita na ameletwa akiwa barafu tupu, lakini bado anateleza. Akimshika mkia, anaponyoka. Akimshika shingo, kama ana shingo, anaponyoka tena.

"Huyu ni mkunga," anasema bila kugeuka. "Kwetu Rombo angeitwa nyoka, na angeitiwa mwenye fimbo."

Leo ana kilo kumi na nane za nyoka huyo. Atamkata vipande vya urefu wa kidole gumba, atamchemsha na siki, limau na kungumanga, kisha atamwacha apoe ndani ya mchuzi wake mpaka ugande, utikisike kama shavu la mtoto aliyenona. Huliwa hivyo hivyo, baridi.

Waliozaliwa mashariki ya London wanakipenda chakula hiki hadi machozi. Dunia iliyobaki inakikimbia. Paka wa kinyozi wa jirani alinusa mara moja tu akahamia Brampton, na inasemekana sasa ana ajira ya kudumu kwenye ghala.

Lakini Clementina hana mzaha leo. Saa sita mchana, wazee sitini na wawili wa chama cha watu wa London watakaa mezani katika ukumbi wa kanisa, vituo vinne vya basi kutoka dukani. Wakila wakamaliza, jiko lake litabaki. Wakirudisha mabakuli kama mwaka jana, mwenye duka, Bi. Maureen, ataanza kununua vyakula vilivyokwisha kupikwa kiwandani, na mama huyu wa miaka hamsini na minane atapoteza kazi ya miaka kumi na mmoja. Ni kazi ya dola kumi na tisa na nusu kwa saa, na ndiyo iliyomsomesha bintiye, Wema.

"Mwaka jana niliharibu mwenyewe," anasema, akikausha mikono kwenye aproni. "Tena niliharibu kwa heshima."

Mpishi wa mkunga, Mwingereza mmoja, alikuwa amestaafu na kumwachia karatasi ya mapishi. Clementina aliifuata neno kwa neno. Ila alipofika ukumbini na kufunua masinia, aliuona mchuzi umeganda, na aibu ikampanda kutoka kwenye nyayo. Wageni watu wazima, wenye mvi zao, uwape kiporo cha baridi? Mama yake angefufuka amuulize amelelewa wapi. Akatupa jicho nyuma, akaona jiko la ukumbi. Akawasha moto.

"Nikapasha vizuri, mpaka mvuke ukafuka. Nikapeleka mezani huku naringa."

Ukafuata ukimya ambao, kwa maelezo ya dereva wa duka, ulisikika hadi Don Mills. Jeli yote, iliyosubiriwa mwaka mzima, ilikuwa imeyeyuka. Vipande vya samaki vilielea kwenye maji ya moto kama watu waliokosa mtumbwi. Mzee Alf, mwenye miaka tisini wakati ule, alichovya kijiko, akakiinua, akakitazama kinavyochuruzika.

"Binti," alimwambia, "huyu samaki alikwisha kufa. Kwa nini umemuua tena?"

Mabakuli arobaini na saba yalirudi yamejaa.

Saa tano, dereva Mehboob anaingia kuchukua mzigo. Ni mzaliwa wa Tanga, Mshia, na kwa madhehebu yake samaki asiye na magamba haliwi.

"Mimi namwendesha tu, sijuani naye," anasema, akibeba sinia mbali na kifua. "Mama Wema, nimezima hita ya gari. Usije ukasema nimekupashia."

"Zima na mdomo, Kaka Mehboob. Nao una joto."

Nje ni Februari, nyuzi kumi na mbili chini ya sifuri. Wawili hao wanakwenda na madirisha wazi, meno yakigongana, ili mkunga asafiri kwa raha. Kwenye taa nyekundu abiria wa basi wanawatazama kwa huruma.

Ukumbini, jambo la kwanza analofanya Clementina ni kumwomba mwangalizi afunge mlango wa jiko na akae na ufunguo mfukoni.

"Mkono wangu siuamini," anaeleza. "Ukiona jiko unajiendea."

Mabakuli yanapangwa. Bi. Maureen amesimama mlangoni, mikono kifuani. Mzee Alf anagonga bakuli lake kwa kijiko, na jeli inatikisika, inatulia. Anamimina siki, ananyunyiza pilipili nyeupe, anakula. Anatema mfupa pembeni. Anachota tena.

Kisha anamsogezea Clementina bakuli.

"Onja."

Katika miaka kumi na mmoja, Clementina hajawahi kumtia mkunga kinywani. Meza nzima imegeuka. Anafanya ishara ya msalaba, anafumba macho, anameza. Kisha macho yanafumbuka.

"Haya ni makongoro," anasema. "Makongoro yaliyolala."

Inabidi awaeleze kwamba kwao miguu ya ng'ombe huchemshwa saa nyingi mpaka ilainike, na supu yake ikilala huganda vivi hivi, ikatikisika vivi hivi.

"Halafu mnaila baridi?" anauliza Mzee Alf.

"Hapana, babu. Asubuhi tunaipasha moto."

Mzee anatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa. "Watu wazuri kama nyie," anasema, na kurudi kwenye bakuli lake.

Mabakuli sitini na moja yanarudi matupu. La sitini na mbili ni la mke wa mwanachama mmoja, Mkanada, ambaye amemchukia mkunga kwa miaka arobaini na hakuja kubadilika leo. Bi. Maureen anatoa mkobani karatasi ya bei ya kiwanda, anaikunja mara nne, anaisukuma chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba.

Njiani kurudi, madirisha yamefungwa na Clementina haachi kusema. Pasaka, Watanzania wakikutana, atawapelekea makongoro yaliyogandishwa, yenye limau na pilipili. Wema amekwisha kumjibu kwa simu, kwa Kiingereza, kwamba siku hiyo atakuwa na shughuli.

"Wewe huna pa kujificha," anamwambia Mehboob. "Ng'ombe haulizwi magamba, na nitamnunua kwenye bucha lako, aliyechinjwa kwa bismillahi."

Mehboob anafikiri hadi taa ya pili.

"Haya, nitakula. Ila bakuli langu nipashie kidogo."

Clementina anamgeukia taratibu, anamtazama kama Mzee Alf alivyotazama kile kijiko.

"Kaka Mehboob," anasema, "kwa nini umuue tena?"