Radi na Radhi

Mama yangu alikuwa mtu wa Kilwa, na watu wa Kilwa kiburi chao kiko ulimini. Aliolewa bara, upande wa Likawage, akatulea huko, lakini masikio yake hayakuhama. Kaka yangu alikulia miongoni mwa watoto wa Kimatumbi, akawa anasema "dahabu" badala ya dhahabu, na "radi" badala ya radhi. Mama hakumwacha apumue.

"Utoe ulimi nje kidogo, mwanangu. Hakuna atakayekuibia."

Neno lenyewe lilinitisha tangu utoto. Radhi ni baraka ya mzazi. Lakini mtu wa pwani akisema fulani amepata radhi, basi jua kaapizwa na mama yake. Na radi ni ile ya mbinguni, ipasuayo miti. Baina ya maneno haya pana ncha ya ulimi tu.

Mwaka ule Wadachi walipotulimisha pamba kwa nguvu, kaka alikunywa maji ya dawa, yale yaliyosemwa yanageuza risasi kuwa maji. Asubuhi moja akaja amejifunga mabua ya mtama kichwani, alama ya waendao vitani. Mama alikuwa anatwanga.

"Shikamoo, mama. Nakwenda. Nipe radi."

Mchi ukasimama. Mama alikuwa na hofu, na hofu yake siku zote ilitoka kwa sura ya ukali. Akafoka hadi kuku wakatawanyika: maziwa aliyomnyonyesha yamtokee puani, ardhi isimpokee. Kisha akamalizia kwa dhihaka yake ya kila siku.

"Radi? Mimi sina. Kaitafute huko uendako!"

Kaka akacheka, akaenda zake. Jioni Mama aliniambia, "Akirudi nitampa."

Siku ya tatu, mchana wa kipupwe, mbingu haina hata wingu, tukasikia ngurumo upande wa kusini. Ilikuwa ya mfululizo, haikupumzika. Jirani alisema ni bombomu, bunduki ya Wadachi imiminayo risasi. Mama aliziba mdomo wake kwa mikono miwili.

Kaka hakurudi, wala mwili hatukuuona.

Tangu hapo, kila mvua iliponguruma, Mama alitoka uani kichwa wazi, akaelekea kusini. Alisema kwa ulimi wa bara, ule aliokuwa akiucheka, ili mwanawe amwelewe:

"Radi, mwanangu. Nimekupa radi."

Mimi nilimvuta kanga arudi ndani, nikilia, kwa sababu kila alipolitamka neno hilo, radi ya mbinguni iliitika, na kila mara karibu zaidi.