Bafta ya Mchungaji

Miaka ile maduka ya Kariakoo yalipojaa tena vitambaa kutoka nje, mchungaji mmoja wa Kibaptisti alitoka kijijini kwao, ng'ambo ya Rufiji, kila kiangazi, kuja dukani kwetu Msimbazi kununua bafta nyeupe ya kanzu za ubatizo. Vidole vyake vilijaa sugu za jembe, na sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya mtu aliyekaa karibu na mtoto aliyelala. Kwanza aliomba maji kikombe kimoja. Alilowesha pembe ya kitambaa, akaweka kiganja nyuma yake, na kiganja kikionekana alilirudisha lile jora taratibu. "Mama Dhaval, kina mama wakitoka mtoni wasione haya," alinieleza.

Safari ya mwisho alikuja amekonda, anakohoa. Alinunua bafta ya kanzu kumi na moja, kisha akaomba kipande kirefu peke yake.

"Hiki cha nani, mchungaji?"

"Changu mimi. Sitaki kuwahangaisha watu siku hiyo."

Hicho hakukilowesha. Nilikikunja huku machozi yakinilengalenga.

Kiangazi kilichofuata aliingia mwanamke nisiyemjua, akaniambia mchungaji amefariki. Siku ya ubatizo wa mwaka uliopita, mwanamke huyo alikuwa amejitokeza bila kutarajiwa, akawa wa kumi na mbili, na mchungaji akaagiza ile bafta yake ishonwe kanzu.

"Tulimzika na koti lake la kila siku," alisema. "Sasa wamenituma mimi. Mwaka huu wanaobatizwa ni ishirini na watatu."

Nikamshushia jora zima.