Chupa ya Petroli Miguuni Pangu

Mama mkwe wangu alishika mshumaa mkono mmoja, kiberiti mkono wa pili.

Sketi yangu ilikuwa imelowa petroli.

Na hakuna mlango hata mmoja wa gari uliokuwa unafunguka.

Kaeni niwaeleze.

Naitwa Zinovia, naishi Moldova, kaskazini huko. Ilikuwa mkesha wa Krismasi yetu, ile ya kalenda ya zamani. Mume wangu yuko Italia anatafuta riziki, basi mdogo wake, Pamfil, akaja kutuchukua mimi na mama yao, mama Agripina, twende kijijini.

Gari lake sasa! Kuukuu, geji ya mafuta ilishakufa. Pamfil anaendesha kwa kukisia, ndiyo maana hakosi akiba. Na akiba yenyewe ni chupa ya plastiki ya maji ya kunywa, kubwa, imejazwa petroli mpaka shingoni. Kaiweka nyuma, miguuni pangu.

"Shemeji, hii si ungeiweka kwenye buti?"

"Buti limejaa divai ya mama na kabichi. Tulia bwana! Nabeba hivi siku zote, sijaungua hata unyusi."

Tukaondoka. Theluji ikaanza kushuka, vioo vyote tumefunga, hita inavuma. Hatujafika mbali, harufu ikanipanda kichwani.

"Mama, husikii petroli?"

Mama Agripina, pale mbele, akavuta kilemba kikafunika pua. "Mimi nina mafua."

Nikashangaa. Huyu mama anasikia kitunguu kikiungua nyumba ya tatu! Ila mkwe habishiwi. Nikanyamaza.

Kwenye kona ya bondeni gari likateleza. Pamfil akazungusha usukani, wapi! Tukaingia mtaroni puu, injini ikazima.

Chupa ikajigonga kwenye chuma cha kiti, ikapasuka. Nikasikia baridi ya ajabu miguuni. Petroli.

Nikasukuma mlango wangu. Ukuta wa theluji, na wa mama vivyo hivyo. Pamfil akasukuma wake. Udongo wa mtaro. Mpini wa kushushia kioo ukamkatikia mkononi. Mbele theluji imefunika kioo, ndani kukawa giza mchana kweupe.

"Niwashe gari tupate joto," akasema, mkono kwenye ufunguo.

"Pamfil! Ukigeuza huo ufunguo tunakufa wote!"

"Tusipowasha tutaganda!"

Hapo ndipo nilipoelewa tulipo. Joto linaua, baridi inaua, na hewa yenyewe tunayovuta inaua. Macho yanawaka, kichwa kinagonga kama ngoma. Nikikohoa, navuta nyingine zaidi.

Pamfil akaanza kuvua sweta lake la nailoni apangusie sakafu. Nikasikia tsss, zile cheche ndogo za nguo kavu.

"Usivue! Acha hivyo hivyo!"

Akabaki mikono juu, kama mwizi aliyekamatwa.

Ndipo mama Agripina akatoa mshumaa wa kanisani kwenye mkoba.

"Wanangu, tusali. Kama ni kufa, tufe na mwanga."

Sijui nilipitaje kati ya viti. Niliuma mkono wa mkwe wangu, jamani. Nilimuuma kwa meno! Kiberiti kikaanguka, nikakikalia.

"Mama nisamehe! Mwanga huo ndio utatuua!"

Akanitazama, mshumaa bado mkononi.

Nikaangalia nyuma. Kioo cha nyuma kilikuwa juu kidogo ya theluji, na kwenye magari hayo ya kale kinashikwa na mpira tu. Nikalala chali kwenye kiti, nikapiga kwa miguu miwili. Hola. Pamfil akanishika mabega, nikapiga tena, na tena, nalia. Kioo kikachomoka kizima kizima.

Hewa! Sijawahi kunywa kitu kitamu vile.

Mama tulimvuta na makoti yake yote kama gunia la viazi. Mwenye trekta aliyepita akatubeba, baadaye akalitoa gari.

Kijijini, Pamfil akafungua tenki aone kama kulibaki chochote. Akaganda.

"Limejaa! Karibu mpaka mdomoni! Nani kajaza?"

Mama Agripina akaangua kilio.

"Mimi. Jana ulipofika kwetu ukalala, nilimwomba jirani alijaze. Zawadi yako ya Krismasi. Nilitaka nikuambie tukifika."

"Sasa harufu, mama?" nikamuuliza. "Kweli hukuisikia?"

"Niliisikia tangu tunatoka! Nikadhani jirani kajaza ikamwagika, nikaona aibu. Nimeharibu gari la mwanangu, nasemaje?"

Kumbe harufu ilikuwa ya chupa, kifuniko hakikubana. Na chupa yenyewe hatukuihitaji hata tone.

Siku hizi Pamfil ana dumu la chuma lenye mpira kwenye kifuniko. Halijazi mpaka juu, hulijaza likiwa chini, si ndani ya gari, na hulifunga wima kwenye buti. Akifika tu, analitoa.

Nawe ukisikia harufu garini, sema, hata mbele ya mkwe. Aibu haiui mtu. Petroli inaua.