Siku Mama Subiri Alipoisimamisha Treni ya Mbali

Jina la Mama Subiri hakupewa na wazazi wake. Alibandikwa na abiria wa treni ya mjini, wale wanaobanana kila asubuhi kwenda kazini, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akiwasimamisha. Kazi yake ilikuwa kuongoza treni pale reli mbili zinapoungana kuwa moja. Alikaa kwenye kibanda cha vioo chenye ngazi ndefu, na mezani alikuwa na vitufe, redio na chai iliyopoa kila siku bila kunywewa. Desturi ya pale aliikuta: treni ya mbali, inayokatiza nchi nzima na vitanda vyake na behewa lake la chakula, inapita kwanza. Ya mjini ingoje. Hata kama ya mbali ndiyo iliyochelewa? Hata kama! Watu wakamchukia, na mimi siwalaumu.

Matusi ya abiria alishayazoea. Kilichomnyima usingizi ni binti yake. Binti alikuwa amepata kazi kwenye maabara ya hospitali, bado yuko kwenye majaribio, na alishachelewa mara kadhaa. Mkubwa wake akamwambia waziwazi kwamba akichelewa tena asijisumbue kurudi. Na alikuwa akicheleweshwa na nani? Na mama yake mzazi, jamani!

"Mama, mle ndani ya treni wanakutukana," binti alisema jioni moja, akisugua sufuria kama vile ndiyo iliyomkosea. "Mimi nanyamaza tu. Naangalia dirishani."

"Sasa nifanyeje, mwanangu? Reli si ya baba yangu."

"Sijasema kitu, mama."

Kesho yake mama alipotoka kwenda zamu, mlango wa chumba cha binti ulikuwa umefungwa, akadhani bado amelala.

Siku hiyo treni ya mbali ilichelewa, ikawa inafika sambamba na ya mjini. Mama Subiri akasimama, akakaa, akasimama tena. Redio ikalia.

"Shemeji! Nifungulie njia, nikaoge." Dereva wa treni ya mbali alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, mtu wa utani asiyejua kunyamaza. "Nanuka mpaka abiria wanalalamika."

Upande wa pili treni ya mjini ilikuwa inakuja, imejaa hadi milangoni. Mkono wa Mama Subiri ulienda wenyewe kwenye kitufe kilekile cha miaka yote. Akaurudisha. Akabonyeza kingine.

Treni ya mjini ikapita bila kusimama. Mle ndani watu hawakuamini. Wengine walipiga vigelegele, mmoja akakipungia kibanda kofia. Mama Subiri alibandika uso kwenye kioo akitafuta kilemba cha njano kwenye mlango wa behewa la nyuma, anaposimama binti yake siku zote. Hakukiona.

"Shemeji, umesinzia? Mbona taa nyekundu?"

"Sijasinzia. Subiri."

"Nani asubiri? Mimi?"

"Wewe, ndiyo."

Simu yake ikatetemeka mezani. Ujumbe wa binti: "Mama, usihangaike na mimi. Nilipanda basi la alfajiri, nimeshafika. Treni yenu nimeshindwa nayo."

Akakaa kwa kishindo. Alifurahi, na papo hapo ikamuuma, kwa sababu mwanawe aliona afadhali kudamka kuliko kumtegemea yeye. Machozi yakamtoka, na kabla hayajakauka simu ya ofisi ikalia. Mkuu wa zamu.

"Umepagawa? Umeisimamisha treni ya mbali kwa ajili ya nani?"

Jibu alikuwa nalo tangu usiku: kwa ajili ya mwanangu. Lakini jibu hilo lilikuwa limeshapanda basi. Akatazama nje. Behewa la mwisho lilikuwa linapinda kona, na watu wananing'inia mlangoni.

"Kwa ajili ya hawa," alisema.

"Hawa kina nani?"

"Wanaochelewa kazini kwa sababu yangu."

"Na kesho je?"

Alifuta machozi kwa kiganja, akambonyezea shemeji yake taa ya kijani.

"Kesho nawapitisha tena. Kama hutaki, panda ngazi uje uwasimamishe mwenyewe."