Habari Niliyoisoma Saa Saba

Picha iliingia kwenye simu ya chumba cha habari asubuhi, siku sita kabla ya kupiga kura. Ilionyesha migomba kama kumi na mitano imelala chini, mashina yamepasuliwa vipande, majani yamepangwa pembeni. Aliyeituma alikuwa mpiga kampeni wa mgombea udiwani huko Marangu. Aliandika kwamba kihamba cha mgombea, shamba la migomba linalozunguka nyumba yake, kimefyekwa kwa chuki za siasa, na aliyefyeka ni jirani yake, katibu wa tawi la chama cha upande wa pili. Jina likafuata. Lilikuwa jina la mjomba wangu, kaka yake mama, tumbo moja.

Redio yetu ilikuwa ndogo, juu ya duka la vitambaa mjini Moshi, na haikuwa na upande. Hivyo ndivyo tulivyopenda kusema. Ukweli ni kwamba kuanzia mwenye redio mpaka mimi msomaji, wote tulikuwa na upande mmoja, na mgombea yule alikuwa wetu. Habari mbaya za wale wengine hatukuwa tunazichunguza, tulizikaribisha tu.

Mhariri akaniuliza kama nitaweza kuisoma au ampe mwenzangu. Chumba kizima kilinitazama. Krismasi iliyopita nilikuwa nimegombana na mjomba mbele ya ukoo kwa siasa hizo hizo. Alinicheka, akasema redio yetu ni spika ya watu fulani, na maneno yale yalikuwa bado yananiuma. Nikajibu kwamba nitasoma mwenyewe, sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Wenzangu wakanisifu. Nilijiona jasiri, Mungu anisamehe.

Kuhakikisha, tulihakikisha: nilimpigia aliyetuma picha, akasema ni kweli. Mjomba sikumpigia. Nilijiambia kwamba atakana tu. Nikaisoma saa saba mchana, watu wa mlimani wakiwa wanakula na redio zao ziko wazi.

Kinachonitia hasira mpaka leo ni ile picha yenyewe. Nimezaliwa kihambani. Nimeshika panga la migomba tangu nina miaka minane. Mgomba ukishazaa unaangushwa, shina linapasuliwa na kukatwakatwa, ng'ombe wa bandani anakula na anapata maji yake humo humo. Mtu mwenye chuki hakai chini akapasua vipande vinavyotosha mdomo wa ng'ombe, wala hapangi majani pembeni. Pale ofisini tulikuwa wanne, watatu watoto wa mlimani, na hakuna aliyeona. Mtoto yeyote wa darasa la tatu kule Marangu angetuambia kuwa hicho ni chakula cha ng'ombe.

Mama ndiye aliyenipigia, usiku wa siku ya pili yake. Mke wa mgombea alikuwa akisimulia sokoni huku anacheka: ndizi walikata wenyewe, za kutengenezea mbege, pombe ya ndizi, ya wageni wa kampeni, na mashina wakawapa ng'ombe. Wakati huo mgambo walikuwa wameshamchukua mjomba, mzee wa miaka sabini na kitu, wakamkalisha ofisini kwao kutwa nzima na kumwachia jioni bila maelezo.

Kesho yake nikaenda kwa mhariri. Hakubisha kwamba ni uongo. Aliniambia zimebaki siku nne, kama nataka kuwapa wale kura nimwambie. Nikarudi kwenye meza yangu. Kipaza sauti kilikuwa mbele yangu kila siku, ningeweza kusema mwenyewe na liwalo na liwe. Sikusema.

Mgombea wetu akashinda. Wiki mbili baadaye niliruhusiwa kusoma sentensi moja ya masahihisho, baada ya matangazo ya vifo na kabla ya tangazo la ng'ombe aliyepotea. Simu zikaanza kuingia. Wasikilizaji wetu walitupa pole na kutaka kujua nani ametutisha. Mmoja alisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Jioni nilirudia masahihisho yale bila kumwomba mtu ruhusa, nao wakasema vitisho sasa vimezidi. Nilikuwa kama mtu anayezima moto wa pumba kwa kuupepea. Nikaacha, kwa sababu sikujua lingine la kufanya.

Jumamosi iliyofuata nikapanda Marangu. Nilichuma isale kwenye mpaka wa shamba letu, lile jani ambalo kwetu mkosaji humpelekea aliyemkosea, na mtu akishapelekewa hawezi kukataa. Mjomba nilimkuta bandani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, nikapiga goti na kumpa jani. Alilipokea kwa mikono miwili, akasema kwake yameisha. Nililia, naye akaniacha nilie, kisha akanikaribisha ndani.

Mezani kulikuwa na vikombe kama ishirini vimefunikwa kitambaa, na sufuria kubwa ya mtori, supu yetu ya ndizi, haijaguswa. Nikauliza kama kuna wageni wanakuja. Akaniambia asubuhi ile ilikuwa zamu ya nyumba yake kusalisha jumuiya, majirani Wakatoliki ambao kila Jumamosi husali pamoja nyumba kwa nyumba. Alikuwa ameamka mapema kupika. Hakuja hata mmoja.

"Nimemfuata mwenyekiti wa jumuiya kwake," alisema. "Nimemwambia ile habari ni ya uongo, na aliyeisoma ni mtoto wa dada yangu, kamwulizeni mwenyewe."

Akafunua sufuria, akachungulia, akaifunika tena.

"Ameniambia ndiyo maana waliamini. Angesoma mtu mwingine wangesema ni siasa. Lakini mtoto hawezi kumsingizia mjomba wake."